Nati ya Singano

"Nati yenye grisi ina mahali pake." Mmemsikia fundi akimwambia mwenzake hivyo, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na wewe mwenye simu iweke mfukoni. Msemo huu ulizaliwa na hofu ya mzazi, huku huku kwetu milimani, juu kidogo ya Soni. Chanzo chake ni hiki.

Singano alikuwa na binti aliyeitwa Mwajabu, fundi cherehani. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umemwachia mguu wa kushoto usio na nguvu, nanyi mnajua kuwa gia ya pikipiki hukanyagwa kwa mguu huo huo. Basi kila alipopeleka sare za shule huko chini Mombo, alipakiwa nyuma ya pikipiki za watu, na wengine walimbeba kama gunia la viazi. Siku moja alirudi analia.  Singano aliingia kwenye banda lake la nyuma ya nyumba, alikozoea kutengeneza baiskeli na majiko, akaanza kumuundia mwanawe pikipiki.

Alikusanya mabovu ya pikipiki tatu. Fremu aliitoa hapa, magurudumu pale, na injini kwenye ile isiyotaka klachi ya mkono, ili mkono wa kushoto wa Mwajabu ubaki huru. Kisha akachomelea mkono wa gia kando ya tangi, abadilishe gia bila mguu. Nati zilizagaa bandani hata kuku wakawa wanazidonoa. Ili asichanganyikiwe, alijiwekea desturi: nati atakayoitumia aliisugua kutu kwa mafuta ya taa, akaipaka grisi, akaiweka juu ya gunia safi. Zisizo na kazi zilibaki na kutu yake ndani ya kopo.

Mwajabu alijifunza kuendesha uwanjani mpaka akazoea. Asubuhi ya safari yake ya kwanza ya Mombo, Singano alikuwa bado anakazakaza huku na huku, mara majirani wakamiminika. Sifa nazo, jamani, huingia bila kubisha hodi.

"Singano, hebu tuonyeshe huo mkono wa gia!" alisema Mzee Hoza.

Singano akasimama, akaonyesha, akaonyesha tena. Watu wakashangilia. Mwajabu akafunga furushi la sare, akavaa kofia ngumu, akasema, "Baba, leo sipakiwi na mtu." Akaondoka huku wanawake wakipiga vigelegele.

Vumbi lilipotulia, Singano alirudi bandani kukunja gunia. Juu yake palikuwa na nati moja.

Akaiokota aitazame. Lakini wageni walikuwa bado mlangoni, wanampa mkono, naye akaifumba nati kiganjani. Alijiambia kuwa pikipiki tatu zimekuwa moja, nati zitakosaje kuzidi? Akacheka na watu.  Akiwa anaitikia pongezi, kichwani alikuwa anazunguka pikipiki nzima: breki, mnyororo, usukani, gurudumu la nyuma. Kila alikofika aliona kana kwamba amekaza, na kila alikoona amekaza alianza kushuku.

Mama Mwajabu alimjua mumewe. Akamvuta pembeni.

"Una nini mkononi?"

"Nati tu. Imezidi."

Mkewe akamfumbua vidole, akaigusa, akatazama weusi uliobaki kwenye ncha ya kidole chake.

"Zinazozidi huwa ndani ya kopo, zina kutu. Hii ina grisi, baba Mwajabu. Yenye grisi ina mahali pake."

Singano akawatazama wageni mlangoni. "Nikimpigia nitamtia hofu bure. Na hawa watu wote wananitazama."

"Heri aogope akiwa amesimama," alisema mkewe. "Piga!"

Alipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Alikumbuka kuwa ni yeye mwenyewe aliyemwapisha binti yake asipokee simu akiwa anaendesha. Chini ya Soni barabara huanza kuteremka, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori hayana simile. Akilini alimwona mwanawe akiingia kona ya kwanza. Alipiga tena, na safari hii ikapokelewa. 

"Baba? Nimesimama hapa Soni, maduka yanapoishia. Ndiyo kwanza nataka kuanza mteremko. Kuna nini?"

"Shuka kwenye pikipiki."

"Baba?"

"Shuka, mwanangu. Tazama gurudumu la mbele. Nimeshika nati ya saizi ya ekseli yake. Ekseli ina nati?"

 Lori likasikika likipita upande wa pili wa simu.

"Haina, baba. Na chuma kimesogea, kimeshikilia kidogo tu."

Singano aliketi palepale kwenye vumbi. Hapo ndipo alipokumbuka: aliifungua nati ile ili aongeze washa, kile kipete cha kuwekwa chini yake, na Mzee Hoza akamwita aonyeshe gia.

Mzee Hoza mwenyewe ndiye aliyempakia kwenye pikipiki yake mpaka Soni. Walimkuta Mwajabu ameketi juu ya furushi la sare. Singano alirudisha ekseli, lakini vidole vilikataa kushika nati. Iliponyoka na kumwangukia miguuni, Mwajabu akaiokota, akaivisha, akachukua spana mkononi mwa baba yake na kuikaza mwenyewe.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Niliiona tangu ulipoondoka," alisema Singano, na machozi yakamtoka mbele za watu. "Niliiona, nikawaambia watu asante."

 Mwajabu akaikaza nati tena, akavaa kofia, akateremka Mombo.

Basi tangu siku ile, mtu wa huku akiona jambo linamkaa rohoni na kujiambia ni bure, limezidi tu, mwenzake humshika mkono na kumwambia: nati yenye grisi ina mahali pake.