Simu Iliyofungwa Kwenye Leso

Wapendwa, mfano wangu wa leo ni mfupi, na nimeuokota jikoni, kwa sababu wengi wetu huko ndiko tunakoshinda.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekaanga vitumbua karibu na stendi ya mabasi, katika mji wenye joto. Mume wake alikuwa kazini mkoa wa mbali. Siku moja mume alikuja likizo akamletea mkewe simu mpya ya kioo, nzuri, yenye waranti ya mwaka mzima. Akamwambia, "Ikileta shida yoyote, irudishe dukani watakupa nyingine. Ila jihadhari na maji. Ikiingia maji, pale dukani hawakujui tena."

Neno lile lilimwingia mama yule likakaa. Tangu siku hiyo aliyaogopa maji kama mtu anayeogopa nyoka. Simu haikuwekwa mezani, kwa kuwa mezani kuna chai. Haikuwekwa dirishani, kwa kuwa mvua hupiga. Aliifunga vizuri ndani ya leso, akapiga fundo, akaisokomeza kifuani ndani ya blauzi. Ilikaa hapo tangu alipowasha mkaa asubuhi mpaka alipomaliza kuuza. Mnapafahamu mahali pale, akina mama? Si ndiyo benki yetu? Mwizi hafiki, mtoto hafiki, na maji hayafiki.

Nyumbani aliishi na wifi yake, mdogo wa mume, binti aliyemlelea mtoto na kuosha vyombo. Walipendana. Jioni walikaa kwenye mkeka wakasukana nywele huku wakicheka watu wa stendi. Lakini kwa habari ya simu, mama hakuwa na mchezo.

"Wifi, beseni lako lisogeze kule! Unataka kuninyeshea simu?"

"Simu iko kifuani mwako, mimi niko huku uani," binti alijibu akicheka. "Nitakunyeshea na nini, na mvua?"

Basi, miezi ikaenda, na simu ikaanza kuugua. Mume akipiga, sauti yake inasikika kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Baadaye kioo kikaweka wingu. Mwisho ikazima, ikawa haiwaki hata ikichomekwa kwenye chaji. Jirani akamwambia, "Ifukie kwenye mchele." Akaifukia. Haikupona. Lakini mama hakuwa na hofu. Waranti si ilikuwepo? Na yeye si alikuwa ameilinda?

Akaenda dukani amenyoosha shingo.

Muuzaji akaipokea simu, akafungua kile kitundu cha kuwekea laini, akamulika ndani kwa tochi. Akamwita mama asogee. "Humu ndani kuna kibandiko kidogo. Simu ikiwa mpya kinakuwa cheupe. Kikipata unyevu kinageuka chekundu. Cha kwako unakionaje?"

Mama akachungulia. Kilikuwa chekundu kama nyanya.

"Imeingia maji, mama. Waranti haifanyi kazi tena."

"Maji gani? Simu hii haijawahi kuona hata tone!"

"Haijaona tone," muuzaji akasema, huku akichokoa kwa sindano kwenye tundu la chaji, "na hii punje ya mchele imefuata nini humu?"

"Niliambiwa mchele ni dawa."

"Ni dawa ya simu iliyoingia maji, mama yangu."

Watu wakacheka. Mama akaondoka na simu yake amefura. Jambo moja alikuwa na hakika nalo, na alikuwa anasema kweli: yeye hakuimwagia maji. Sasa kama si yeye, ni nani? Njia nzima alikuwa akijiuliza hivyo. Na ninyi mnajua, mtu akijiuliza swali kama hilo, hamtafuti mtu wa mbali. Akakumbuka kwamba anapokwenda kuoga huiacha simu kitandani. Na anapooga, nani anabaki ndani?

Alipofika hakusalimia. "Wifi, ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umeiloanisha simu ya kaka yako halafu ukaipangusa, ukanyamaza."

"Wifi, sijawahi hata kuifungua hiyo leso."

"Kwa hiyo imejimwagia yenyewe?"

Binti akamtazama, akainuka akaenda kuanua nepi za mtoto.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na ubaridi. Mkeka ulikaa umekunjwa. Chakula kiliiva kama kawaida, lakini aliyekipakua alikula peke yake, na aliyepakuliwa alikula peke yake. Kisha mama akaona begi la wifi limetolewa chini ya kitanda, nguo zimekunjwa ndani, na mtoto amekaa juu yake akidhani ni mchezo. Moyo wake ukashtuka. Hakutaka binti aondoke. Lakini angeanzaje kusema?

Binti ndiye aliyesema. "Narudi kwa mama. Ila mama ataniuliza nimefukuzwa kwa kosa gani, na mimi kosa langu silijui. Twende wote dukani. Nataka huyo mtu aniambie hayo maji yaliingiaje, ili nikifika niwe na la kusema."

Wakaenda. Ilikuwa mchana wa jua kali, na mama alikuwa ametoka motoni moja kwa moja, aproni bado kiunoni. Simu ilikuwa imekufa, lakini mazoea ni mazoea, aliibeba palepale kifuani. Dukani kulikuwa na foleni.

"Umerudi, mama?" muuzaji akasema. "Leo na shahidi?"

Mama akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa leso, akaiweka juu ya kioo cha kaunta. Fundo lilikuwa limekaza. Wifi akavuta leso kwake ili amsaidie kufungua. Akaanza, akasita. Akatazama vidole vyake, akavipangusa kwenye kanga.

"Wifi," akasema taratibu, "leso hii ni mbichi."

"Jasho tu hilo. Si nimetoka kwenye moto..."

Mama alikuwa amejisikia mwenyewe.

Pale ilipokuwa imewekwa leso, kioo cha kaunta kilikuwa na alama ya maji, pembe nne, sawasawa na umbo la simu.

Nyuma yao kwenye foleni, mwanamke mmoja aliyevaa vizuri sana aliingiza mkono kifuani polepole, akatoa simu yake, akaihamishia kwenye mkoba. Duka zima likaangua kicheko.

Mama hakuweza kucheka. "Wifi yangu," akasema, "nilikuwa nakutafuta wewe na beseni lako. Nisamehe."

Binti akaichukua ile leso, akaikamua. Matone yakaanguka sakafuni. "Uliogopa nisije nikakunyeshea," akasema, na midomo imeanza kumcheza. "Kumbe mvua unatembea nayo mwenyewe!"

Hapo wakacheka wote wawili, wakashikana mabega, machozi yakawatoka.

Waranti haikurudi, wapendwa. Kibandiko chekundu ni chekundu. Lakini muuzaji aliwaelekeza kwa fundi wa jirani, ambaye aliifungua simu, akaisafisha kwa brashi na spiriti, ikawaka. Sauti imebaki na mikwaruzo kidogo, lakini mume anasikika. Wifi alishona kifuko cha kitenge, akakitundika kwenye msumari katika banda la vitumbua, mbali na mvuke. Na begi likarudi chini ya kitanda.

Sasa tujitazame sisi. Yule mama alikuwa mwongo? Hapana. Hakumwaga maji, na angeapa bila woga. Ndiyo maana mfano huu unanitisha. Wangapi tuliokaa hapa tunasema, "Mimi sijaiba, sijamtukana mtu, sijamdhulumu mtu," na tunasema kweli? Lakini ndani kibandiko ni chekundu. Amani imezima, sala imepungua sauti, na sisi tunatafuta nani kamwaga ndoo. Ni mume. Ni mama mkwe. Ni jirani. Shetani naye tunambebesha hata yasiyo yake.

Kumbe ndoo hakuna. Ni kile kinyongo kidogo ulichokifunga vizuri, ukapiga fundo, ukakiweka karibu na moyo kwa sababu ulitaka kukitunza. Hakikukumwagia kitu siku hata moja. Kilikuwa kinatoa unyevu tu, kila siku, wewe ukiwa kazini kwako.

Na je, tukishagundua, tukate tamaa? Dukani, kibandiko kikishakuwa chekundu hakirudi kuwa cheupe. Hata muuzaji mwenye huruma hawezi kukibadilisha. Kwa Mungu wetu kinarudi. Yeye haangalii tulivyoharibu ili apate sababu ya kutukataa. Anachotaka ni tuitoe ile leso kifuani, tuiweke mbele yake mezani, na tukubali ikamuliwe.

Basi dada yangu, kaka yangu, leo ukifika nyumbani, kabla hujamwita mtu umuulize kwa nini amekuharibia, ishike kwanza leso yako kwa vidole. Ukiikuta ni mbichi, nenda kamwambie wifi yako alirudishe begi chini ya kitanda, halafu mtandike mkeka.