Kiu ya Mwenye Ka'si

Keti vizuri, mpenzi msikilizaji, maana haya hayataki haraka. Katika mji wa Durubani alitawala Sultani Shamlani bin Ghalibu, mpenda elimu asiye na mfano, na wachimbaji wake walifukua bustanini jini aliyefungwa minyororo, mkononi ameshika kikombe cha bilauri, na kila amjiaye humuuliza maana ya neno moja la Kiarabu cha kale: "Ka'si ni nini?" Na mwenye kukosea hugeuka sanamu ya bilauri, na jua la siku ya tatu likichwa hubaki hivyo milele.

Je, wanazuoni waliogopa? Thubutu! Walimiminika na vilemba vyao. Huyu akasema ka'si ni kikombe, yule akasema ni mvinyo wenyewe, na wa tatu akajikohoza akasema ni mauti, kwani washairi husema marehemu kanyweshwa ka'si yake. Wote wakageuka bilauri, vitabu kwapani. Wa mwisho alikuwa Hilali, kijana mpole mtunga kamusi, akaja na maana kumi na saba, na zote hazikumfaa kitu.

Hilali alikuwa na mchumba, Nusaiba, mfinyanzi wa sokoni. Habari zilimfika siku ya tatu, alasiri, naye akakimbia na tope mikononi, na mtungi wa maji ya wateja kwapani, hata kuutua amesahau. Akamkuta Hilali kasimama, baridi, mdomo wazi.

"Wewe bwana," akasema akilia, "nikikukosa leo, mimi nitaishi na nani?"

Jini akanguruma, "Ewe mwanadamu, ka'si ni nini?"

Nusaiba akamtazama jini, akaona midomo yake imepasuka. "Hebu kwanza! Umekunywa maji lini wewe?"

"Miaka elfu iliyopita," akajibu jini kwa sauti ndogo, "na hapana aliyeniuliza."

"Maskini wee! Lete hicho kikombe." Akakijaza mpaka ukingoni. "Sisi wafinyanzi hatukipi chombo jina mpaka mtu akinywee. Mteja namjazia maji, anakunywa, ndipo namwambia, chukua gudulia lako. Kabla ya hapo ni udongo tu. Kunywa, baba, hayo ya ka'si tutaongea baadaye."

Jini akanywa, na machozi yakamtiririka, na minyororo ikaanguka chini.

"Wale mabwana hawakusema uongo," akasema. "Lakini Waarabu wa kale hawakukiita kikombe ka'si kikiwa kitupu, nami nilifungwa nisiweze kukijaza. Wote walinijibu, binti yangu. Hakuna aliyenipa maji."

Na pale pale bilauri ikawa nyama na damu, na Hilali akapepesa macho, na watu wote waliokuwapo wakasogea wasikie mwanachuoni atasema nini.

"Nusaiba," akasema, "nina kiu."

Akamnywesha kwa mkono wake wenye tope, huku akicheka na kulia. Sultani akawaoza kwa harusi ya siku saba, akawapa nyumba na mali tele, nao wakaishi kwa raha. Nawe uliyenisikiliza, akikujia mtu na swali zito, mtazame midomo kabla hujamjibu.