Jemadari Aliyeitwa Mwoga

Inasimuliwa na waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mji wa mlimani ukiitwa Rimali. Ulikuwa mji mdogo, wenye amiri wake na jeshi lake, na chini yake, katika bonde pana, ulikuwapo ufalme mkubwa. Jemadari wa Rimali alikuwa Dhirari bin Wahbi, mtu mcha Mungu, mchache wa maneno, ambaye hakuwahi kuongeza wala kupunguza katika jambo aliloulizwa.

Ikatokea siku moja mjumbe wa Amiri alishuka bondeni, na mfalme wa huko hakuinuka kumlaki. Habari zilipofika Rimali, Amiri alighadhibika mno. Aliwakusanya wakuu wa mji barazani baada ya sala ya Ijumaa, akatangaza kwamba ataushukia ufalme ule kwa upanga. Waziri wake, Jabala, akasema jeshi la Rimali halijapata kushindwa tangu enzi za mababu. Watu wakaitikia kwa takbira. Kisha Amiri akamgeukia Dhirari.

"Nawe jemadari, wasemaje?"

Dhirari alijua jibu lililokuwa likisubiriwa. Alijua pia kwamba mwanawe wa pekee, Huzaifa, alikuwa amesimama mlangoni pamoja na askari wenzake, akimtazama.

"Ewe Amiri, Mungu akuongoze," alisema. "Waziri amesema kweli kwamba hatujashindwa. Lakini hatujapata kupigana popote ila kwenye genge letu, pale njia inapopita kati ya majabali mawili. Pale farasi wao hawana faida, na vijana wetu ni mafundi wa upinde. Tukikaa pale, kwa idhini ya Mungu, hakuna atakayepita. Tukishuka bondeni tutakuwa watu wa miguu mbele ya wapanda farasi, hatuna ngao za kutosha, na nusu ya askari wetu ni wakulima. Jeshi hili ni la kulinda mlango. Si la kwenda kubisha hodi kwa wengine."

Jabala akacheka kidogo, akasema, "Jemadari wetu amezeeka. Anahofia roho yake."

Amiri akampa fursa moja: aape mbele ya watu kwamba jeshi litashinda, naye aliongoze. Dhirari akasema, "Siwezi kumshuhudisha Mwenyezi Mungu juu ya jambo nisiloliamini." Akavuliwa ujemadari papo hapo, na upanga wake akapewa Jabala.

Alipokuwa akirudi nyumbani, wanawake waliokuwa kisimani walimpa mgongo. Mmoja wao alitema mate. Dhirari aliwasalimu, akapita.

Nyumbani alimkuta Huzaifa akikaza kamba za viatu vyake.

"Mwanangu, umesikia niliyosema."

"Nimesikia, baba. Na nakuamini."

"Basi kwa nini unakwenda?"

Huzaifa hakuinua uso. "Kwa sababu wenzangu wanakwenda. Nikibaki, watasema woga umerithiwa."

Dhirari alikaa kitako karibu naye. Alimweleza namna ya kusimama mbele ya farasi anayekuja mbio, huku akijua kwamba maelezo hayo hayatamfaa kitu. Kisha akamwombea dua.

Jeshi likashuka na ngoma. Yaliyotokea bondeni hayahitaji maelezo marefu. Wapanda farasi waliwazunguka wakulima wa Rimali kama wachungaji wazungukavyo kondoo, na kabla ya adhuhuri mambo yalikuwa yamekwisha. Jabala alikufa pale, na Huzaifa pia. Wachache waliponyoka wakapanda mlima huku wakifuatwa.

Dhirari hakungoja kuitwa. Aliwakusanya wazee wenzake na majeruhi walioweza kusimama, akawapanga juu ya majabali ya genge, yeye akakaa mbele. Aliyempa habari za mwanawe alimkuta akipokezana mawe na mzee mmoja. Dhirari alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akaendelea kupokea mawe. Genge halikupitika. Adui walijaribu tena na tena, mpaka mvua za baridi zikawarudisha kwao.

Ndipo Amiri akamwita faraghani. Alikuwa amekonda, na macho yake hayakutulia.

"Watu wana uchungu," alisema. "Panda mimbari uwaambie kwamba ilikuwa kadari, na kwamba hakuna aliyejua. Watakusikiliza. Nami nitakurudishia ujemadari wako."

"Kadari ni ya Mungu, ewe Amiri, nami nimeiridhia. Lakini mimi nilijua, na wewe nilikuambia. Siwezi kuwadanganya mama za vijana waliokufa juu ya makaburi ambayo hata hawana."

Amiri akampa ujemadari mtu mwingine, naye huyo mwingine akapanda mimbari na kusema yaliyotakiwa. Watu wakalia, wakatulia, wakamwombea Amiri maisha marefu.

Dhirari alirudi kwa mkewe, Bi Rayhana, ambaye hakuwa amesema neno tangu msiba.

"Ulijua," Bi Rayhana akamwambia.

"Nilijua."

"Ungemfunga kamba."

"Ningemfunga wangu, Mama Huzaifa. Na watoto wa wenzetu, angewafunga nani?"

Bi Rayhana akaingia ndani. Wanasema aliishi naye kwa wema mpaka mauti, akimpikia na kumtilia maji ya udhu, lakini jina la mtoto wao hakulitaja tena mbele yake.

Ndugu zangu, tumezoea kusikia kwamba mkweli huokoka. Dhirari alisema kweli akiwa na cheo, akaisema tena alipokuwa hana kitu, na haikumrudishia mwana wala heshima. Ujira wake uko kwa Yule aliyemsikia siku ile barazani, wakati wengine wote walikuwa wakileta takbira. Mwenyezi Mungu atupe ulimi kama wake, na atusamehe sisi tulio wepesi wa kuitikia.