Sadaka ya Kaburini

“Sadaka ya kaburini haimshibishi mjane.” Mmenisikia nikimwambia hivyo mjomba wenu, nanyi mmeuliza nimeitoa wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani sana nchini China, mafundisho ya Konfusio yalikuwa yameingia kila nyumba. Mtoto alijua asimame wapi mbele ya baba yake, na nani anawe kwanza. Mzazi alipofariki, mwana aliacha kazi, akavaa nguo za katani na kuomboleza hadi mwaka wa tatu.

Geng Yu alikuwa karani wa wilaya, mwana pekee, hajaoa. Baba yake alipofariki, wengine wangeomboleza nyumbani, lakini Yu alijenga kibanda cha nyasi kando ya kaburi, juu ya kilima. Kila asubuhi alipika wali, akauweka mbele ya kaburi ukiwa bado unafuka moshi. Watu walipanda kumtazama. Wazee wa kijiji wakamwandikia mkuu wa wilaya kwamba mwana mwenye utii kama huyu anastahili cheo kikubwa.

Mama yake, Bi Tao, alibaki peke yake bondeni. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amekula na mumewe. Sasa alipakua bakuli mbili, akakumbuka, akarudisha moja chunguni. Siku nyingine hakusema neno tangu asubuhi hadi jua kuzama, maana hapakuwa na wa kumwambia. Alipotuma habari kwamba paa linavuja, Yu alijibu, “Mama, vumilia. Siwezi kumwacha baba.” Naye angelalamika kwa nani? Nani amlaumu mwana anayemheshimu baba yake?

Majira ya baridi ya pili Bi Tao aliteleza kando ya kisima, akaanguka. Alilala kwenye barafu mpaka adhuhuri, ndipo jirani yake, Bi Huan, alipomkuta. Bi Tao akamkataza asimwambie Yu.

Theluji ilipoyeyuka, Bi Tao alichukua fimbo akapanda kilima. Hakwenda kibandani. Alipiga magoti upande wa pili wa kaburi, akaanza kung'oa majani kwa mikono.

“Mama! Unafanya nini?”

“Natengeneza mahali pangu.”

“Usinene hivyo, mama yangu.”

“Mwanangu, baba yako anapata wali wa moto kila siku, na wewe uko karibu naye. Mimi tangu upande huku sijala na mtu. Nimeona nikilala hapa, nami utanikumbuka.”

Yu alimtazama mikono. Ilikuwa imekonda, na kiganja kimoja kilikuwa na kovu asilolijua.

“Umeumia lini?”

“Wakati wa baridi.”

Yu alijua kwamba akishuka kabla ya siku zake kutimia, barua ya wazee itafutwa, na jina lake litatajwa kwa aibu. Akainama, akambeba mama yake mgongoni, wakashuka.

Wazee walimkuta njiani. “Geng Yu! Unamtupa baba yako?”

Bi Huan, aliyekuwa akichota maji, akatua ndoo. “Wazee wangu, mlipanda kule kila mwezi kumsifu. Nani kati yenu aligonga mlango wa huyu mama? Sadaka ya kaburini haimshibishi mjane.”

Wazee wakapisha njia. Lakini barua ilifutwa, na Yu hakupata cheo maisha yake yote. Alimalizia maombolezo nyumbani, katika nguo zake za katani.

Siku ile waliyoshuka, alipika uji wa mtama akampa mama yake. Bi Tao akapokea bakuli, akageukia ukuta kula, kama alivyozoea alipokuwa peke yake. Yu akaangalia mgongo wake kwa muda. Kisha akachukua mkeka wake, akaenda kuketi kati yake na ukuta.

Ndiyo maana mtu akishughulikia heshima za waliokwenda huku aliyebaki anakula peke yake, sisi humwambia: sadaka ya kaburini haimshibishi mjane.