Joho la Vitambaa vya Makochi

Apeni kwanza. Mkono kifuani, mseme kwa sauti: tutakayoyasikia hapa yanaishia hapa. Haya. Na mimi niliapishwa hivyohivyo na Kibibi, mmoja wa hao nitakaowasimulia, nikiwa nimeshika kikombe chake cha chai. Chai imekwisha, na kiapo nacho naona kimeshuka nayo. Sogeeni.

Walikuwepo wasichana watatu, Morogoro, mtaa mmoja.

Semeni alijaliwa jicho la nguo. Gauni likipita barabarani, kabla halijakata kona ameshalishona kichwani, kiuno hapa, pindo pale. Ila cherehani hakuwa nayo. Alivizia za mafundi wa barazani wanapokwenda kula, na fundi akirudi anamng'oa kitini pindo likiwa nusu. Kwa hiyo hakutulia. Hata akikaa kwenye jamvi la msiba, mguu wake ulikuwa ukikanyaga cherehani isiyokuwepo.

Kibibi alijaliwa mkono wa sura. Yeye ndiye mpambaji wa maharusi pale mtaani. Amewahi kumpamba bi harusi mpaka mama mzazi akauliza mwanangu yuko wapi.

Mwantumu alijaliwa mwendo. Mrefu, shingo imenyooka, maneno machache. Akipita kwenda kisimani, wanaume wote wanakumbuka wana kazi ya kufanya nje.

Sasa likaja tamasha la mavazi ya hadithi, ukumbini mjini. Vijana wanavaa kama viumbe wa vitabuni, na mshindi anapewa cherehani mpya, moja. Semeni aliposikia hivyo hakumaliza ugali wake.

"Tutatengeneza elfi," akawaambia wenzake.

"Ndiyo mdudu gani?" Kibibi akauliza.

"Mtu wa msituni wa hadithi za Ulaya. Mzuri, hazeeki, masikio yamechongoka kama sambusa."

"Hazeeki? Basi huyo hajaolewa," akasema Kibibi, na kazi ikaanza.

Kibibi akachukua kandambili kuukuu, akazipasha moto juu ya jiko la mkaa, akazikunja kwenye mgongo wa upawa zikapata ncha. Akachanganya poda na gundi, akapaka, akafuta, akapaka tena, mpaka ukayaona masikio yale unataka kuyanong'oneza.

Mwantumu akajifunza kutembea juu ya majani makavu bila kuyavunja. Kuku wa uani hawakushtuka akipita, ndipo wenzake wakasema sasa yuko tayari.

Semeni akakwama. Joho la elfi linatakiwa liwe kama utando wa buibui wenye umande. Alijaribu chandarua, kikanuka dawa. Alijaribu pazia, Mwantumu akaonekana dirisha. Ndipo akakumbuka sanduku la Shangazi Mwanamvua, aliyekuwa akiishi naye. Mle ndani mlikuwa na vitambaa vya makochi, vyeupe pe, Shangazi amevifuma kwa mkono wake tangu akiwa mwari. Havitoki ila siku ya Idi, au wakija watu wa posa. Idi ilikuwa imepita juzi tu. Na posa? Binti wa Shangazi hakuwa na mchumba anayejulikana.

Shangazi alipokwenda harusini, Semeni akavitoa. Hakukata hata uzi. Aliviunga kwa mishono mirefu ya kufumuka, akajiambia, tamasha likiisha navirudisha, nani atajua?

Siku moja kabla ya tamasha, Shangazi akaingia na vigelegele. "Semeni mwanangu! Kesho mchana wakwe wanakuja kumposa dada yako! Asubuhi nitoe vitambaa vyangu nivipige pasi."

"Shangazi, usijichoshe. Nitavipiga mimi, nitavitandika mwenyewe."

Usingizi ukamkimbia. Kulipokucha akachukua wembe wa kufumulia, akaondoka na joho kabla ya chai.

Ukumbini Mwantumu akapanda jukwaani. Akafika katikati, uzi wa joho ukanasa sikio la kushoto, sikio likadondoka! Semeni akashika kichwa. Mwantumu hakubabaika. Akainama, akaliokota, akalinong'oneza, kisha akamtazama mshereheshaji.

"Kwetu," akasema, "sikio huanguka mtu wa karibu anapodanganya."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ushindi ukawa wao. Lakini Semeni hakusubiri makofi. Alimvuta Mwantumu nyuma ya pazia, wembe mkononi, akaanza kufumua.

"Unanikata!"

"Bora nikukate mimi kuliko anikate Shangazi. Tulia!"

Huko nyumbani wakwe walikuwa wamekaa juu ya makochi yaliyo uchi, na Shangazi anaomba radhi kwa kila kitu mpaka kwa jua. Mama mkwe, kwa kuondoa aibu, akatoa simu. "Tazama, shoga, picha za tamasha la mjini wanazorushiana watu sasa hivi. Hili joho lina maua kama ya Kimorogoro hasa."

Shangazi akatazama, akayajua maua ya mkono wake. Chai akaiacha, bodaboda wakapanda, wakwe nyuma yake.

Wakaingia mlangoni wakati uleule mshereheshaji anavuta pazia awaite washindi. Na hapo ndipo watu wote walipomwona Semeni amepiga magoti, wembe mkono wa kulia, kitambaa kimoja mkono wa kushoto, na kingine amekiuma kwa meno.

"Semeni!" Shangazi akalia. "Pasi yenyewe ndiyo hiyo?"

Kitambaa kikamtoka mdomoni. 

Mshereheshaji, mkononi kamba iliyofungiwa cherehani ya zawadi, akauliza ampe nani.

Kibibi, aliyekuwa pembeni ya jukwaa, akasema, "Bila masikio yangu huyu angekuwa bi harusi aliyepotea njia."

Mwantumu akasema, "Sikio lako lilianguka, nani aliliokoa?"

Shangazi akasema, "Mnazungumza nini? Mlichokipigia makofi ni ujana wangu mimi."

Semeni je? Alikuwa bado amepiga magoti, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga, unakanyaga.

Haya, mlioapa kunyamaza, sasa semeni. Ungekuwa wewe umeshika ile kamba, na wakwe wanakutazama, ungeiweka mkononi mwa nani?