Kadi ya Anyosisye na Kiti Kimoja

Hapo zamani, na msinikunjie nyuso, zamani yenyewe ni ya juzi tu, mabasi yalikuwapo na simu zilikuwapo, palikuwa na mtu jina lake Anyosisye. Mji wake ulikuwa wa juu milimani, mji wa viazi na ukungu. Chini kulikuwa na soko, juu kulikuwa na chuo kikuu, na katikati mlima ambao hakuna mwenye akili anayeupanda kwa miguu kama basi lipo.

Anyosisye alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho, mwanafunzi mwenye mvi. Mnacheka? Chekeni, mkimaliza mniambie. Maisha yake yote alikuwa mlinzi wa msitu, na mkewe Tupokigwe alizoea kumwambia, "Ukistaafu usije ukakaa hapa kunihesabia vifaranga. Nenda kasome." Tupokigwe akafa kabla ya kustaafu kwenyewe. Watoto hawakujaliwa. Ndugu wa tumbo moja alikuwa naye mmoja, naye alivuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha, akanyamaza mpaka leo. Basi Anyosisye akastaafu, akachukua kiinua mgongo chake, akaenda kusomea misitu. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia asiende.

Huko chuoni, wanafunzi walimwona na mvi zake wakadhani ni mhadhiri. "Shikamoo mwalimu," kisha wanaongeza mwendo. Wahadhiri nao walijua fika kwamba ni mwanafunzi, kwa hiyo chai yao hawakumkaribisha. Huku si wa huku, kule si wa kule. Alikula peke yake, akasoma peke yake.

Lakini mwaka wa kwanza basi lilimwokoa. Mji ule ulikuwa na desturi yake. Ukipanda basi ukamkuta mtu unayemfahamu, hata kwa sura tu, unawahi kumlipia nauli. "Nimeshakulipia!" "Aa, jamani wewe! Haya, kesho zamu yangu." Na mtu akishakulipia huwezi kwenda kukaa mbali naye ukamgeuzia kisogo, utaonekana umetoka wapi? Unakaa naye, mnaongea mpaka mshuke. Anyosisye aliishi kwa desturi hiyo. Aliwahi kituoni akitafuta wa kumlipia. Akamlipia muuza karoti, akamlipia fundi cherehani, akamlipia mtoto wa fundi cherehani. Mpaka wakamwita Mzee Nimeshakulipia.

Kisha kadi zikaja. Chuo kilikubaliana na wenye mabasi kwamba kitambulisho cha mwanafunzi ndiyo nauli. Unapanda, unakigusisha kwenye mashine mlangoni, inalia tii, picha yako inatokea, unakaa. Pesa mkononi hazipokelewi tena, na raia nao wakapewa kadi zao. Makondakta wakaenda makwao. Dereva akawekwa nyuma ya kioo kilichoandikwa USIONGEE NA DEREVA. Na sheria ikawa moja: kadi ya mtu ni ya mtu. Ukimgusishia mwingine, unanyang'anywa mpaka muhula ujao. Sisemi kadi ni mbaya. Ilikuwa rahisi na ilikuwa haraka, na hakuna aliyeibiwa chenji. Lakini desturi ya watu ilikufa pale pale mlangoni, na hakuna aliyeilia.

Hakuna ila mmoja. Anyosisye alipanda, akagusisha, mashine ikalia tii, akakaa. Kushoto kijana na waya masikioni, kulia binti na simu yake. Jioni akapanda, akagusisha, mashine ikalia tii, akakaa. Hivyo hivyo mpaka mwaka wa mwisho. Kuna siku alifika chumbani kwake akasema "hodi" kwenye mlango wake mwenyewe, apate tu kuisikia sauti ya mtu.

Sasa sikilizeni vizuri. Ikafika siku ya mtihani wake wa mwisho kabisa. Chuo kile hakikuwa na mchezo. Huna kitambulisho, huingii. Mtihani ukianza, mlango unaachwa wazi nusu saa tu, kisha unafungwa. Ukiukosa wa mwisho unarudia mwaka mzima, na Anyosisye hakuwa na mwaka wa kurudia, kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha. Asipoingia siku ile, basi tena.

Mvua ilikuwa inanyesha. Anyosisye akapanda, akagusisha, mashine ikalia tii, akakaa. Kituo cha sokoni akapanda binti mmoja, Sekela, mtoto wa mama muuza viazi. Akagusisha, mashine ikaguna, taa nyekundu. Kadi yake ilikuwa imepasuka pembeni. Picha ilionekana vizuri, ila mashine haikuisoma. Na taa ikiwa nyekundu basi haliondoki.

"Shuka, dada," dereva akasema nyuma ya kioo. Aliitwa Mwambene. "Mashine haikutaki."

"Kaka, nina mtihani! Na mvua yote hii!"

"Si mimi. Mashine."

Watu wakainamia simu zao. Anyosisye hakufikiri, na hapo ndipo kosa lake lilipo kama mnataka kosa. Aliinuka, akanyoosha mkono, tii, picha yake ikatokea mara ya pili, na mdomo ukasema wenyewe, "Nimeshakulipia, mwanangu."

Sekela akaja kukaa naye. "Asante sana, baba. Unafundisha somo gani?"

"Nafundishwa. Nina mtihani kama wewe."

Binti akacheka mpaka akafunika mdomo, wakaongea. Viazi, mvua, wahadhiri wenye mwandiko mbaya. Jamani, yule mzee alifurahi! Alifurahi hata akasahau mtihani.

Lakini picha moja ikitokea mara mbili, dereva anatakiwa kubonyeza kitufe cha kumwita mkaguzi, na Mwambene alikibonyeza. Kituo cha pili akapanda mkaguzi, Kyando, kofia imenyooka, mfuko wa kufuli kiunoni.

"Mzee, lete kadi."

"Mwanangu, leo ni mtihani wangu wa mwisho."

"Kila mtu ana mtihani wake. Sheria ni msumeno." Akaitumbukiza kadi mfukoni, akafunga kufuli, akashuka na kupanda basi la kuteremka ofisini, kule sokoni.

Na Sekela? Sekela aliinuka, akashuka, akapotea kwenye mvua. Anyosisye akakitazama kile kiti kitupu, akasema moyoni, hata huyu.

Akafika chuoni. Msimamizi akamwambia, "Bila kitambulisho siwezi, mzee wangu, hata ungekuwa baba yangu." Mtihani ukaanza. Anyosisye akasimama nje, maji yakimtiririka mgongoni. Hakulia kwa sababu ya kufeli. Kufeli watu wanafeli kila siku, wanarudi nyumbani wanapigwa kofi la begani, maisha yanaendelea. Yeye alikuwa anatafuta kichwani mwake mtu mmoja wa kumwambia kwamba amefeli, na hakumpata.

Nusu saa ilipokaribia kwisha, akasikia honi. Basi la mjini, ambalo haliruhusiwi kupita geti la chuo, lilikuwa linakuja juu ya majani, matope yakiruka huku na huku, abiria ndani wakipiga kelele. Mlango ukafunguka. Sekela akaruka, kiatu kimoja hana, kadi mkononi. "Baba! Ingia!"

Akaingia. Akafanya. Akafaulu.

Ngojeni, msipige makofi, hadithi ndiyo inaanza. Ilikuwaje? Sekela alishuka akateremka kwa njia ya mkato, akamkuta Kyando mlangoni mwa ofisi, akapiga magoti kwenye tope. Akamwambia kosa ni lake, na mzee yule asipoingia leo haingii tena. Kyando alikuwa amekula kiapo cha kazi. Kilichoingia katika mfuko ule hakitoki mpaka mkubwa wa ofisi akione. Hata hivyo akafungua kufuli, akatoa kadi, akampa. Sekela akaanza kuupanda mlima mbio. Mwambene alikuwa anapandisha basi tena, akamwona. Akasimama mahali pasipo na kituo, akampakia, na baada ya hapo hakusimama kituo hata kimoja.

Na kila mmoja akapata chake. Sekela mtihani wake ulikuwa saa ile ile, ukumbi mwingine wa mbali, akafika mlango umeshafungwa, akaurudia mwaka. Kyando alifukuzwa kazi kabla jua halijazama. Mwambene akanyang'anywa usukani, akawekwa kuosha mabasi.

Mahafali yakaja. Chuo kile ukumbi wake ni mdogo, kwa hiyo kila mhitimu hupewa kiti kimoja cha mgeni. Jina lako likisomwa, la mgeni wako linasomwa pia: "Fulani, na mtu wake fulani." Mnainuka wote wawili, mji mzima unawaona. Na mji ule una mdomo. Ukishasomwa mtu wa fulani, wewe ndiye unayeitwa akiugua, na ndiye unayepewa pole akifa.

Anyosisye akaenda sokoni kwa Sekela. "Mwanangu, nimepata kiti kimoja..." Kabla hajamaliza, binti alishapiga kigelegele. Akarudi na kiti chake kimeshakwenda. Akapita gereji ya mabasi kumpa Mwambene shukrani tu. Mwambene akaweka ndoo chini, akasema, "Mahafali? Mimi sijawahi kualikwa mahali watu wamevaa majoho." Mzee akasikia mdomo wake unasema, "Njoo." Akamtafuta Kyando, akamkuta amekaa mlangoni kwake peke yake, mke ameshaondoka tangu mshahara uliposimama. Mkubaliane nami kwamba pale hapakuwa na jinsi, naye akaalikwa. Mtu aliyekaa na njaa ya watu hajui kumwambia mtu hapana.

Siku ikafika. Wakaonana getini wote watatu, wamepigwa pasi, Sekela na viatu vipya, Kyando na ile kofia. Mlinzi akasema, "Mzee, mgeni ni mmoja. Taja jina."

Wakatazamana. Kisha kukawaka.

"Ni mimi," akasema Sekela. "Nani alikimbia? Nani alipiga magoti? Nimeutoa mwaka wangu, hamjautoa ninyi."

"Ukimbie ufike wapi?" akasema Mwambene. "Kwa miguu yako hiyo ungefika mlango umefungwa na msimamizi amekwenda kunywa chai! Nimeutoa usukani wangu. Na isitoshe, mimi mzee huyu nimemwona kwenye kioo changu siku zote hizo, nikitaka kumsalimia nikakatazwa."

"Mngekimbia na nini, mngeendesha mmebeba nini?" akasema Kyando. "Kadi ilikuwa kiunoni kwangu, na kufuli ni langu. Ninyi mlibeba tu nilichokitoa. Mimi nilivunja kiapo. Na nimebaki sina kitu wala mtu."

"Kwani kadi aliichukua nani?" akauliza Sekela.

"Kitufe alibonyeza nani?" akauliza Kyando.

"Na nani alikuja na kadi mbovu siku ya mtihani?" akauliza Mwambene. "Tusifukue makaburi, yote ni yetu."

Anyosisye alisimama katikati na joho lake. Watu watatu wazima wakigombana getini, kila mmoja akitaka kuitwa wake! Nawaambia kweli, yule mzee alitamani wasimalize. Lakini ndani muziki ulishaanza, na mlinzi akaita tena, "Mzee, jina!" Akawatazama mmoja mmoja, akaanza kuogopa, maana aliona wazi kwamba akipata mmoja, wawili watashuka mlima kimya.

Najua mtaniambia asingetaja yeyote. Aa, hapana. Asiyetaja mtu, jina lake husomwa, kisha watu husubiri, kisha hupita kimya, na Anyosisye kimya alikuwa amekishiba. Mtaniambia wangeingia wote? Mlinzi yule hamumjui. Mtaniambia akae nje nao? Tupokigwe angefufuka ampige.

Akafungua mdomo ataje jina. Nami nanyamaza hapa, maana mimi sikumzaa wala sikumlipia nauli. Sekela aliutoa mwaka wake, lakini ana mama yake sokoni. Mwambene aliutoa usukani wake, lakini ana mke na watoto wanaomngoja jioni. Kyando alikitoa kiapo chake, na hana mtu, lakini mkono wake ndio ulioichukua kadi. Semeni ninyi, na aseme kwanza yule ambaye nyumbani kwake leo hakuna wa kumfungulia mlango: je, nani alistahili kusomwa mtu wa Anyosisye?