Mashimo ya Nakiete

Paukwa!
Pakawa!
Mpo?
Tupo!
Basi sogeeni, mje na masikio yenu.

Hapo kale, milimani Upare, palikuwa na mfinyanzi jina lake Nakiete. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba, hakuwa na mzinga. Alikuwa na mikono yake tu, na udongo.

Mwaka mmoja kijito cha kijiji kikaanza kukauka. Watu wakakutana wachague mahali pamoja pa kulinda kwanza, maana nguvu zilikuwa chache.

“Malisho!” akasema mfugaji.
“Msitu!” akasema mrina asali.
“Mfereji!” akasema Kiondo, mkulima.

Siku ya kwanza wakabishana. Ya pili wakatukanana. Ya tatu wakakunjana.

“Aamue Mama Nakiete,” Kiondo akasema mwishowe. “Yeye hana chake hapa.”

Nakiete akakifuata kijito kwenda juu. Akapanda, akapanda, akapanda. Akapita malisho, akapita msitu, akafika kwenye kinamasi maji yanakoanzia. Alipajua sana. Ndipo alipochimba udongo wake miaka yote.

Mabata maji waliozoea kutaga pale hawakuwapo. Ukingo ulikuwa umetoboka, maji yakichirizika upande wa pili na kupotelea maweni. Na nani aliyeutoboa? Jamani, mashimo yalikuwa yake!

Hapakuwa na shahidi. Angeweza kunyamaza. Je, ninyi mngesema? Yeye aliketi pale, moyo mzito, mpaka jua likageuka.

Kijijini akasema, “Tuanze na kinamasi. Na wa kwanza kuondoka pale ni mimi. Ni mimi niliyekitoboa.”

Kiondo akauliza, “Utakula nini, mama?”

“Sijui, mwanangu.”

Wakaziba mashimo kwa mawe na matope. Wakakata shauri: pale hapachimbwi, hapalishwi, hapakatwi matete. Msimu wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, unyevu kidogo. Wa tatu, kijito kikatiririka, na mabata wakarudi kutaga.

Nakiete akawa anachota udongo mbali, nyuma ya vilima viwili. Udongo mbaya. Vyungu vikawa vinapasuka. Kiondo akaja, akachagua kimoja.

“Hicho kinavuja, mwanangu.”

“Kiache kivuje, mama,” akasema Kiondo. “Maji yapo.”

Ngano yangu imekomea hapo. Kama ni tamu, nendeni nayo nyumbani. Kama ni chungu, niachieni mwenyewe.